Barua ya Wazi kwa Mnaotuletea Injili na Sabuni

Kwa maaskofu, wachungaji viongozi na wakurugenzi wa mashirika ya kimisioni mnaohudumu katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma.

Wazee wangu, shikamooni. Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Walokole, Bwana asifiwe.

Naanza na ushuhuda, kwa kuwa najua mnapenda ushuhuda. Mimi nimeokoka mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Baraka, Fizi, kwetu Kongo, nikiwa na miaka 15, katika kanisa ambalo babu yangu alikuwa shemasi. Nililia, nikatubu uwongo niliokuwa nikimdanganya mama, nikabatizwa katika Ziwa Tanganyika asubuhi yenye upepo. Mara ya pili na ya tatu nimeokokea hapa kambini Nyarugusu, na zote mbili kwa sababu ya sabuni.

Mambo yalikuwa hivi. Lilikuja kundi la wamisionari na lori lao. Jua halijapanda, vipaza sauti vilishazunguka kambi: leo uwanjani kuna mkutano wa injili, na baada ya mkutano kuna zawadi. Aliyezoea duka la jirani hawezi kujua sabuni ni kitu gani kambini. Ikichelewa, mama mwenye mtoto wa kunyonya anafua nepi kwa majivu, na binti aliyevunja ungo anakosa shule siku zake zikifika. Basi tulikwenda, uwanja ukafurika. Mhubiri alihubiri vizuri na mkalimani wake alihubiri vizuri kumzidi. Mwishoni tukaambiwa anayetaka kumpokea Yesu ainue mkono, apite mbele, ajaze kadi. Na kadi ileile ndiyo ulikwenda kuionyesha kwenye lori ukapewa miche miwili.

Niliinua mkono. Wakati huo nilikuwa mhazini wa umoja wa akina mama kanisani kwetu, ufunguo wa sanduku la sadaka nimeufunga kwenye pindo la kanga, na nikainua mkono kama mtu ambaye hajapata kusikia jina la Yesu maishani mwake. Kando yangu alikuwa jirani yangu, bibi wa miaka 70 na ushee kutoka upande wa Uvira, aliyebatizwa kwenye misheni ya Waswidi kabla mimi sijazaliwa. Naye aliinua wake. Tulitazamana. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kwa hesabu yake mwenyewe, ameokoka mara tano tangu alipoletwa hapa kutoka Lugufu mwaka 2009, kambi ile ilipofungwa.

Hapo unaweza kucheka. Mimi pia nilicheka, hadi nilipomwona mzee mmoja wa mtaa wetu. Huyu ni Mwislamu wa kuzaliwa. Ukoo wake ni wa Kasongo, Maniema, ambako dini yao ilifika na misafara ya pembe za ndovu karne ya 19. Alikuwa na wajukuu wanne wenye upele nyumbani. Alisimama pembeni muda mrefu akiitazama foleni, kisha akainua mkono nusu, yaani kiwiko hakikunyooka, akapita mbele huku kofia yake ameikunja mfukoni. Alipata sabuni. Ijumaa iliyofuata hakwenda msikitini, wala iliyofuata tena. Na kanisani kwetu hakuja, aje kufanya nini? Lile kundi lilimwandika kuwa ni mmoja wa waongofu, likaondoka nalo jina lake. Sisi tulibaki na mzee asiye na pa kusalia.

Jina la kundi lile silitaji. Kwanza lilikwisha ondoka. Pili, nikilitaja, waliobaki mtajiona wasafi, na barua hii sikuiandika ili mtu ajione msafi.

Sisemi msihubiri. Kama kuna mahali duniani mtu anahitaji kusikia kwamba Mungu hajamsahau ni kwenye turubai lililoandikwa namba. Ninachosema ni kwamba lori la sabuni lisisimame uwanja mmoja na madhabahu. Leteni sabuni Jumanne kupitia viongozi wa mitaa, kwa orodha ya kaya, Mkristo, Mwislamu na asiyesali wote wapate. Mkutano wenu fanyeni Jumapili, mikono mitupu. Atakayekuja Jumapili hiyo ndiye amekuja kwa ajili ya Neno. Watakuwa wachache kuliko uwanja ule wa sabuni, najua, na taarifa yenu kwa wafadhili itakuwa fupi.

Wala sizui sheria mpya. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu, Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada walikubaliana kanuni za maadili kumi. Ya tatu inakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Walioketi mezani kuziandaa hawakuwa wapagani peke yao. Caritas wa Kanisa Katoliki walikuwepo, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikuwepo, na Baraza la Makanisa Ulimwenguni pia. Kwa hiyo kanisa lilikwisha jiwekea mpaka huu lenyewe. Wanaouvuka siku hizi ni vikundi vidogo vinavyokuja kwa wiki 2, vikiwa na fulana za rangi moja, na ninyi wakubwa mnawaandikia barua za utambulisho bila kuuliza watafanya nini.

Tena jambo hili ni la zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye Waanglikana wa shirika la kimisioni la CMS wakajenga Freretown pale Mombasa. Waliwaokoa watu kweli. Kutoka vijiji vile walitoka walimu na makasisi wa kwanza wa nchi hizi. Lakini aliyekombolewa alipangiwa alale wapi, afanye kazi saa ngapi kwa mlio wa kengele, na asali vipi, na hakuulizwa. Mwalimu wangu wa historia kule Baraka alikuwa akituambia kwamba mtu akikununua kwa mwenye nyororo, bado umenunuliwa. Nilikuwa simwelewi.

Sasa la pili, ambalo linaniuma zaidi ya sabuni.

Mnapokuja mnaongea kana kwamba mnalileta kanisa. Wazee wangu, kanisa lilivuka ziwa pamoja nasi. Oktoba 1996 vita vilipofika kwetu, hata hospitali ya Lemera, ya kanisa, haikuachwa. Wagonjwa waliuawa vitandani tarehe 6 mwezi ule. Sisi wa Fizi tulipanda mitumbwi usiku. Katika mtumbwi wetu kulikuwa na vitu vitatu ambavyo hakuna aliyekubali vitupwe majini hata mawimbi yalipozidi: mtoto mchanga wa dada yangu, sufuria kubwa ya mama, na ngoma ya kwaya. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba ile. Ilikuwa pori. Jumapili ya kwanza tuliabudu chini ya mti, na mchungaji wetu, ambaye viatu vyake vilibaki ziwani, alihubiri miguu mitupu. Vyombo vya kula vilikuwa havijatosha bado, lakini safu za sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi zilikuwa zimekwisha pangwa.

Mkongomani wa Kiprotestanti akikuambia yeye ni wa "ya tano" au wa "ya nane", anakuambia namba ya jumuiya yake, tangu enzi za Mobutu makanisa yote ya Kiprotestanti yalipowekwa chini ya Kanisa la Kristo Kongo na kila jumuiya ikapewa namba yake. Ya tano ni CELPA, iliyoanzia kwa Wanorwe. Ya nane ni CEPAC, ya Waswidi. Namba hizo tulivuka nazo. Wapo Wamethodisti Huru, wapo Wakatoliki na jumuiya zao ndogondogo, wapo Waanglikana ambao dayosisi yao ya Western Tanganyika makao yake ni hapo Kasulu, si mbali. Karibu miaka 30 sasa tumezika, tumefungisha ndoa, tumesuluhisha ugomvi wa visima. Wachungaji wetu hawana mshahara. Wanapanga foleni ya mgao kama sisi, wanabeba unga na njegere zile za njano kichwani, na jioni wanakwenda kukesha msibani.

Kisha anakuja mgeni, anaona kambi nzima kama shamba lisilolimwa. "Tumekuja kupanda kanisa." Anapanda wapi? Anachukua mzee mmoja wa kanisa aliyekosana na mchungaji wake kwa jambo la kinanda, anampa kipaza sauti, jenereta na cheo cha askofu, na baada ya miezi 6 kanisa moja limekuwa mawili, mawili yamekuwa matatu, yote ya matofali ya udongo, yote yanaimba saa ileile kwa sauti ya kushindana. Mgeni anaandika: makanisa mapya 2. Mimi naandika: kwaya moja imevunjika, na binamu zangu wawili hawasalimiani.

Mkitaka kweli kusaidia, pitieni kwanza kwa wachungaji waliopo, mkae nao kwenye benchi, mwulize. Mtashangaa wanayotaka. Niliwahi kumsikia mgeni mmoja mwenye busara, padre wa makamo, akiuliza swali hilo. Alitegemea ataombwa bati. Aliombwa kitu cha kufundishia watu kuzungumza na mtu aliyebakwa. Alikwenda, akarudi baada ya miezi 3 na mama mmoja mtaalamu, wakakaa na wake wa wachungaji siku 5. Hakupiga picha hata moja.

Picha, ee. Sitaongea sana. Mtoto mwenye kamasi ana mama, na mama huyo anajua kumfuta. Mpeni dakika moja ya kumfuta kabla hamjabonyeza.

Nisije nikaonekana nawasema wageni tu. Sisi wenyewe tuna dhambi zetu, na moja lazima niitaje kwa sababu ninyi viongozi mmeinyamazia. Ni unabii wa safari. Tangu Marekani ilipoanza kuwachukua Wakongomani kwa wingi, zaidi ya miaka 10 iliyopita, walitokea watumishi wa kuombea mafaili. Unaleta namba ya kesi yako kwenye karatasi, inawekwa chini ya Biblia, na pamoja nayo unaweka sadaka. Aliyeitwa kwenye mahojiano alishuhudia. Asiyeitwa aliambiwa ana laana ya ukoo. Nimeona mtu amepeleka mafuta ya mgao ya mwezi mzima. Halafu Januari 20, 2025 rais mpya wa Marekani akasimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi kwa sahihi moja. Kulikuwa na familia zilizokuwa zimemaliza kupimwa afya, zimeuza masufuria na godoro, zimeaga. Wiki ile nilimpa mama mmoja chungu changu cha pili. Wale manabii walikuwa kimya siku 3, kisha mmoja akatangaza mfungo wa kuifungua Marekani, wenye sadaka yake.

Hapo palihitajika sauti ya askofu. Si kulaani, ila kusimama tu mbele ya watu na kusema safari haiuzwi madhabahuni. Hatukuisikia. Huko Marekani kwenyewe mashirika mengi yaliyokuwa yakiwapokea watu wetu ni ya makanisa, Walutheri, Wakatoliki, Waepiskopali na wengine. Walijitokeza hadharani kuwasemea wakimbizi, na baadhi walikwenda mahakamani. Sisi tulio karibu nanyi zaidi, umbali wa safari moja ya basi, tulitegemea walau mahubiri.

Nifike kwenye ninachoomba.

Mwaka 1964 Walutheri walianzisha shirika ambalo wazee wote wa mkoa huu wanalijua kwa herufi zake, TCRS. Miaka ya 1970, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipopelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, watatu walishikana mikono: serikali, UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) na shirika hilo la kanisa. Walifyeka pori, wakapima mashamba, wakachimba visima, wakajenga shule na zahanati. Mkimbizi alipewa ardhi na jembe, na baada ya misimu michache akawa anauza mahindi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Kila ninaposikia hadithi ile huwa natafuta mahali ambapo watu waliinua mikono kuokoka kabla ya kupewa jembe. Sijapapata. Na makanisa Mishamo yamejaa.

Najua wakati ule si sasa. Siasa zimebadilika, sheria ya wakimbizi ya 1998 inatutaka tukae kambini, kutoka ni kwa kibali, biashara zetu zimebanwa, misaada ya chakula imepunguzwa mara kwa mara. Tanzania imebeba mzigo mkubwa kuliko nchi tajiri nyingi, na mimi siwezi kuisema vibaya nchi iliyonipokea nikiwa na nguo moja. Wanangu wote wamezaliwa hapa. Lakini ninyi maaskofu mnaketi na wakubwa. Mnaalikwa Ikulu kuombea taifa. Mkiwa kule, baada ya "amina", mnaweza kusema kwamba mama aliyeruhusiwa kulima robo eka ya mchicha hataomba sabuni ya mtu. Sisi tukisema ni uchochezi. Ninyi mkisema ni ushauri wa kichungaji.

Na semeni pia habari za kurudi. Warundi wamekuwa wakirejea tangu 2017, wengine kwa furaha, wengine kwa sababu wamechoka. Sisi wa Kivu, huko Kongo, turudi wapi? Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Watu walikimbilia Burundi wakalala uwanja wa mpira wa Rugombo. Hapa kwetu wapya walianza kufika tena 2023, wengine wamezaliwa baada ya mimi kukimbia na wamekimbia kwa sababu zilezile. Tunawapokea kwa nyimbo. Nyimbo ni zilezile za ule mtumbwi, nao wanazijua.

Lakini la haraka kuliko yote ni shule, na hapa naongea kama mwalimu, si kama mhazini. Watoto wetu wa Kikongomani wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi wasihesabiwe wajinga kwao. Mwisho wa sekondari wanafanya mtihani wa Diploma ya Serikali, mtihani uleule wa Kinshasa na Lubumbashi. Mtoto anaufanya baada ya kusoma kitabu kimoja wanafunzi 10, wengine wakikisoma kichwa chini miguu juu kwa sababu wamekaa upande wa pili wa meza. (Nina kijana mmoja aliyezoea kusoma hivyo hadi sasa ukimgeuzia kitabu anasumbuka.) Mwalimu wao, ambaye ni mimi na wenzangu, analipwa posho isiyonunua viatu. Wengi wameacha. Waliobaki, wengi wao ni watu wa kanisa, na si kwa bahati.

Lori moja la mkutano wa injili, dizeli yake, jukwaa lake, posho za waimbaji kutoka mjini, fulana zake: gharama hizo zingenunua vitabu vya hisabati vya darasa zima na vingebaki miaka. Havingepigiwa makofi. Mtoto hatainua mkono kwa ajili ya kitabu cha hisabati, labda awe anajibu swali.

Naandika haya nikiwa na hofu kidogo. Mtu anayekula mkononi mwa wengine haambiwi aseme wazi. Mchungaji wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Alinyamaza muda, akaniuliza kama ile sehemu ya kinanda lazima ibaki. Nikamwambia ibaki. Akasema basi, itume.

Yule mzee wa Kasongo bado ni jirani yangu. Mwaka jana alirudi msikitini. Imamu alimfuata mwenyewe nyumbani, wakakaa nje mpaka usiku, na alfajiri nilimsikia anakohoa akienda kuswali. Jina lake nafikiri bado liko kwenye orodha ya waongofu wa mtu fulani. Mwenye orodha hiyo, akisoma hapa, naomba alifute.

Nami nina orodha yangu. Iko kwenye daftari la jalada la bluu, na ina majina ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja na vitabu anavyokosa. Mtihani hufanyika katikati ya mwaka. Kutwa nipo shuleni, na Jumapili nipo kanisani, safu ya pili, upande wa sauti ya tatu.

Dada yenu katika Kristo,
mwalimu na mhazini, Nyarugusu